Pini ya Tatu ya Daraja la Juu ya Kashebere

Wenzangu mliobaki maabara, mmenisumbua mwaka mzima niandike jinsi tulivyofanya kazi miaka ya vita. Mnataka mbinu. Mnataka kujua tulipimaje chuma tukiwa na mashine moja tu, tena iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili isimwage matumbo yake, na mnadhani hiyo ni habari ya kishujaa. Mbinu nitawaandikia, ni haki yenu. Vyeo na mishahara sitavigusa: vyeo vilinijia wakati sikuvistahili, na mishahara nyinyi wenyewe mnaijua. Ila kuna pini moja ya daraja ambayo haimo kwenye kitabu chenu cha mafunzo, na mimi nimechoka kushukuriwa kwa kitabu hicho.

Nilikuja Goma kutoka Butembo, binti wa muuza vitenge, na diploma ambayo wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Papa Paluku, mkuu wa kitengo, aliniangalia miguuni kabla ya kuniangalia usoni, akanitilia mkononi kipande cha chuma chenye uzito wa mtoto mchanga na kuniambia nitafute ufa uliomo. Nilikigeuza kutwa nzima. Nilikichungulia dirishani, nilikigonga, nilikinusa hata. Ilipofika saa kumi alikipaka mafuta, akaweka juu yake kile kichwa kidogo cha mashine tunachokiita palperi, na kwenye kioo ukasimama mstari mmoja wa kijani katikati. Ufa ulikuwa ndani kabisa, mahali ambapo macho yangu yasingefika hata kwa miaka kumi. Alinionyesha, akaenda zake nyumbani. Kesho yake nilikuja na viatu vya raba.

Kwa wale wapya ambao bado wanaogopa kuuliza, kazi yetu ni hii. Mashine inatuma sauti nyembamba mno, isiyosikika na sikio la mtu wala la mbwa, inaingia ndani ya chuma. Inapofika upande wa pili inarudi, na kwenye kioo unasimama mstari wa mwisho. Ikikutana na ufa njiani, sehemu yake inarudi mapema na mstari mwingine unasimama kabla ya ule wa mwisho. Basi. Akina mama wa mtaa walipojua kwamba mashine inaitwa ekografia, kama ile ya hospitali, walianza kuja na matumbo yao wapimwe mimba, na Papa Paluku alikuwa akiwajibu kwa heshima kwamba sisi tunapima watoto wa chuma tu.

Lakini sauti hii ina kiburi chake: haivuki hewa. Kati ya palperi na chuma lazima kuwe na kitu cha majimaji, kikae vizuri bila kuacha nafasi hata ya unywele. Usipopaka vizuri, mstari wa mwisho unakuwa dhaifu. Na ufa mkubwa ukikata njia, mstari wa mwisho unakuwa dhaifu vilevile. Hapo ndipo Papa Paluku alikuwa mkali kuliko kwenye jambo lingine lolote. Mimi nilipoandika kwa haraka kwamba mstari umepungua kwa sababu ya kupaka vibaya, alininyang'anya kalamu.

“Dada Kavira, usichague ile sababu yenye inakupendeza,” alisema. “Futa, paka tena, kisha njo uandike.”

Miaka ya mwanzo tulizunguka sana. Tulipima unene wa bomba la mashine ya umeme ya misheni moja kwenye vilima vya Masisi, bomba ambalo nje lilikuwa limepakwa rangi kama bibi arusi na ndani limeliwa na mchanga hadi kubaki gamba. Tulishuka Walikale hadi Mubi, ambako wenye malori walitupangia mistari ya ekseli mbele ya maduka, pikipiki zikituzunguka na kutupigia honi kwa sababu tumeziba njia. Ekseli tuliyoikataa leo ilikuwa tayari iko chini ya lori kesho, ikienda msituni na tani zake. Mwenyewe anakuambia kwa upole kwamba Mungu anamjua. Nilijifunza kwamba kupima ni nusu ya kazi, na nusu ya pili hakuna mashine ya kuifanya.

Vita ilipofunga barabara na uwanja wa ndege, dawa ya kupaka iliyokuwa ikitujia kwa ndege ikaisha. Tulibaki na mashine nzima isiyoweza kusema na chuma. Hapo ndipo ulipoanza utafiti wangu, ule mnaousoma hadi leo. Tulichukua kipande kimoja cha chuma chenye tundu tulilotoboa wenyewe, tukaweka nguvu ileile ya mashine, tukabadilisha kitu cha kupaka tu. Tulijaribu sabuni, asali, siagi ya ng'ombe wa Masisi, mafuta ya mawese, utomvu wa ndizi uliotuharibia nguo zote, na uji wa muhogo. Nilikuwa naandika urefu wa mstari asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu Papa Paluku aligundua kwamba matokeo ya asubuhi hayafanani na ya mchana, na hakutaka niyaonee haya.

Matokeo yenyewe mnayajua kwa moyo. Mawese ni mazuri mahali pa joto. Kwenye baridi ya milimani yanaganda, yanakuwa na punjepunje za manjano, na kati ya punje kuna hewa. Ukiyapasha moto yanayeyuka kwenye kikombe na kukudanganya, kwa sababu yakigusa chuma baridi yanaganda tena chini ya palperi ambako huoni. Uji wa muhogo uliopikwa ukachujwa ndio uliotushangaza. Haukujali baridi wala joto, ulitulia juu ya chuma hata cha kusimama wima, na sauti ilipita humo kama mtu anayeingia kwake. Niliandika kanuni kwa mkono wangu mwenyewe: milimani, asubuhi, usitumie mawese. Mnaona kwamba sikukosa kujua.

Sasa nije kwenye daraja. Liko kwenye barabara ya Masisi kwenda Walikale, juu kidogo kabla ya kuteremka Kashebere, mahali penye ukungu hadi saa nne za asubuhi. Ni daraja la vipande vya chuma vilivyounganishwa kwa pini, na pini yenyewe ni kipande cha chuma cha duara, kinene kama mpini wa jembe na kirefu kuliko kiganja. Ubaya wa pini ni kwamba huwezi kuichomoa daraja likiwa na mzigo. Uzuri wake ni kwamba kichwa chake kinatokeza nje, unaweka palperi hapo, na sauti inapita urefu wote.

Aliyelitunza daraja hilo aliitwa Papa Bauma, mkulima wa kilima kilekile, maharage na viazi, mzee wa kanisa lake. Baba yake alikuwa kwenye kikosi kilichojenga nguzo za mawe. Serikali ilishasahau kwamba ilimwajiri, yeye hakusahau. Alikuwa na nyundo fupi na ufunguo mkubwa wa pini, na kila juma aligonga pini moja moja akisikiliza. Safari yetu ya kwanza alimwambia Papa Paluku kwamba pini moja ya upande wa juu inalia vibaya. Tukaweka magogo, tukaichomoa, tukaipima juu na chini, haikuwa na kitu. Alicheka mwenyewe kuliko sisi, akasema labda masikio yake yameanza kuomba pensheni.

Safari ya pili nilitumwa peke yangu. Papa Paluku alikuwa na malaria, na jeshi lililoshika barabara wakati huo, nisilitaje kwa sababu mwaka uliofuata lilikuwa lingine, lilikuwa limefunga daraja hadi lipimwe. Nilifika asubuhi, ukungu ukiwa umekaa juu ya mto. Malori yalikuwa yamepanga mstari mrefu, yakiwa na chumvi, sabuni na samaki wa chumvi, mizigo ya kwenda Mubi. Komanda aliniambia nina muda hadi saa nne, ikishapita hapo ataruhusu malori yavuke, karatasi iwepo au isiwepo. Kwa hiyo swali lilikuwa moja: daraja libebe au lisibebe, na jibu lilikuwa mkononi mwangu.

Pembeni mwa malori walikuwa wamekaa watu waliokimbia kutoka upande wa Ntoto. Akina mama wengi, masufuria matupu, watoto waliokwisha kuacha kulia, na hilo ndilo baya. Mimi nilishusha sufuria yangu ndogo, nikawasha moto, nikafungua mfuko wangu wa unga wa muhogo. Wote waligeuza macho. Mama mmoja aliyekuwa na pacha mgongoni na kifuani akauliza kama Mama injeniere anapika chakula cha wafanyakazi. Ningemjibu nini? Kwamba unga huu ni wa kupaka kwenye chuma? Kwetu hata mjinga hachezei unga mbele ya mtu mwenye njaa. Nilimpa mfuko mzima, na sufuria, na moto. Alinibariki kwa Kihunde, nikaelewa nusu, na nikarudi darajani nikijiona mtu mwema kupita kiasi.

Nilikuwa na kopo la mawese kwa ajili ya chakula changu. Lilikuwa limeganda mpaka juu. Nililipasha kwenye kaa moja la moto, likayeyuka, likawa jekundu na safi, na nikajiambia kwamba kwa leo litatosha. Pini ya kwanza, mstari wa mwisho dhaifu. Ya pili, dhaifu. Niliongeza nguvu ya mashine, kioo kikajaa makelele. Ya tatu, upande ule maji yanakoteremkia, ilikuwa dhaifu zaidi, mstari wake ulikuwa chini kabisa kama majani yaliyokanyagwa. Nilifuta, nikapaka tena, ikawa vilevile. Papa Bauma alikuwa amesimama nyuma yangu na nyundo yake.

“Hii moja hailie sawa wenzake, Mama,” alisema.

Nilimkumbusha ile pini ya safari ya kwanza. Alitabasamu, akasema kweli, ile siku alikosea, na labda leo pia anakosea. Kisha akachutama, akagusa mafuta kwa kidole, akakionyesha kidole hicho kwenye mwanga.

“Lakini hii mafuta inaganda. Ngoja jua itoke. Ao omba yule mama kijiko moja tu ya uji. Iko pale, inachemka.”

Ilikuwa hatua kumi. Niliuona moshi wake. Kijiko kimoja kingetosha kwa pini ile, na viwili vingetosha kwa daraja zima. Nilisimama hata, nikapiga hatua mbili au tatu. Yule mama alikuwa akiwagawia watoto kwa kifuniko cha bidoni, lile dumu la maji, na walikuwa wengi kuliko uji. Niliona aibu. Kitu umeshakitoa kwa mkono wako, mbele ya watu, baraka umeshapokea, halafu urudi kukiomba, tena ukipake kwenye chuma wakiangalia? Nilirudi. Nilimwambia Papa Bauma kwamba pini zote zina mstari dhaifu leo, kwa hiyo tatizo ni mafuta, si pini. Nilichagua sababu iliyonipendeza.

Saa nne ilikaribia. Papa Kasereka, mfanyabiashara wa kwetu Butembo, mwenye lori la kwanza kwenye mstari, alikuja kuniamkia kwa lugha ya nyumbani. Alinipa mkate, akaniuliza habari za baba, akaniambia ana rozari tatu kwenye kioo cha lori na hakuna ajali iliyowahi kumgusa. Hakunisukuma nitie sahihi. Nasema hivyo ili msimbebeshe marehemu kitu ambacho si chake. Nilitia sahihi kwa sababu nilikuwa na baridi, nilikuwa na haraka, na nilikuwa nimeona aibu. Niliandika: pini zote nzuri.

Siku ile malori yote yalivuka. Siku ya soko iliyofuata Papa Kasereka alikuwa anarudi kutoka Mubi na mzigo mzito na watu juu yake, akina mama wa biashara na wanafunzi wawili. Lori lilipofika katikati, upande wa chini ulifunguka na daraja likainama, likawamwaga wote mtoni pamoja na magunia. Walioopolewa walizikwa Kashebere. Mwili wa Papa Kasereka ndugu zake waliupeleka Butembo kwa machela, kisha kwa pikipiki, kisha kwa gari. Yule mama wa pacha hakuwa humo, niliuliza. Ni kitu kidogo nilichopata.

Nilipanda huko siku ya tatu. Kabla ya kuonana na mtu yeyote niliteremka kwenye mawe chini ya daraja. Kwenye tundu la pini ya tatu kilikuwa kimebaki kipande, kile cha kichwa. Nilikigonga, kikatoka, nikakigeuza kwenye mwanga. Zaidi ya nusu ya mahali kilipokatika palikuwa na kutu nyeusi, ya zamani, na ukingo tu ndio uling'aa. Maana yake hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua: ufa ulikuwepo kabla ya vita hii labda, ulikuwepo asubuhi ile nilipopima, na ukingo unaong'aa ndio uliobeba malori yote hadi ulipochoka. Nilikifunga kwenye kitambaa, nikakitia kwenye sakoshi, mkoba wangu wa begani.

Mkutano wa kuuliza nani ameangusha daraja ulifanyika siku hiyohiyo kwenye shule ya Kashebere. Alikuwepo komanda, mjumbe wa chifu, na mdogo wa marehemu Kasereka. Papa Bauma alikuwa ameketishwa chini kwenye saruji, mikono imefungwa nyuma. Ndipo nilipoelewa kazi ya karatasi yangu. Komanda aliisoma kwa sauti: pini zote nzuri. Basi, alisema, pini nzuri haivunjiki kwa juma moja. Kama haikuvunjika, imechomolewa, na mtu mwenye ufunguo wa kuchomoa ni mmoja tu, na watu wa msituni wanalipa vizuri kwa kazi kama hiyo. Alikuwa amefikiri vizuri. Kosa pekee katika hesabu yake lilikuwa mimi.

Akaniuliza kama nilipima kweli. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama pini ya tatu ilikuwa nzuri. Sakoshi ilikuwa juu ya mapaja yangu, na uzito wa kile kipande niliusikia mpaka kwenye mfupa. Nilisema kwamba siwezi kujibu kabla ya uchunguzi wa maabara. Nilisema maneno marefu ya Kifaransa. Nilisema chuma lazima kikatwe, kisuguliwe, kitazamwe kwa darubini, na kwamba mtaalamu hasemi kwa macho tu. Yote hayo ni kweli, mnafundishwa hivyo, na mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha. Papa Bauma alinyanyua kichwa.

“Mama, sema tu ile yenye unajua,” alisema.

“Ripoti itasema, Papa,” nilimjibu.

Komanda aliuliza ripoti itachukua muda gani. Nikasema majuma mawili. Akasema vizuri, mzee atamngoja Mama injeniere. Wakamwondoa. Walikuwa wanawafungia watu kwenye shimo lililofunikwa mabati, nyuma ya kambi yao, na mvua za mwezi ule mnazikumbuka.

Nataka mnielewe vizuri. Sikuogopa kufa pale. Hakuna aliyenionyesha bunduki. Niliogopa kusema mbele ya mdogo wa Kasereka, mtu wa kwetu, kwamba ndugu yake alikufa kwa sababu mimi niliona aibu kuomba kijiko cha uji. Nilidhani kwamba likiandikwa kwa lugha ya kazi, na michoro, na picha, halitakuwa langu peke yangu. Litakuwa la chuma, la baridi, la mazingira ya vita.

Papa Paluku alikuwa ameshapona niliporudi Goma. Nilimwekea kile kipande mezani. Alikiangalia kwa muda mfupi kuliko inavyochukua kusema habari hii, akavua miwani.

“Na hii unataka maabara ya nini?” aliuliza. “Hii kutu hata muuza chuma chakavu anaiona. Piga fonia leo.”

Nilimwambia nataka kwanza nithibitishe. Alisema nithibitishe nikiwa nimeshapiga. Nilimwambia fonia, ile redio ya mawasiliano, inasikilizwa na kila mtu kuanzia Goma hadi Walikale, na jambo kama hili haliendi hewani bila karatasi. Alinitazama kama siku ile ya viatu vya kisigino, lakini safari hii hakunipa kitu mkononi. Ninaamini angepiga mwenyewe, ila fonia ilikuwa ofisini kwa mkurugenzi wa maabara, na mkurugenzi alisema angoje ripoti ya mtaalamu. Mtaalamu nilikuwa mimi.

Niliifanya ripoti ile vizuri. Naona uchungu kusema hivyo, lakini ndiyo ripoti bora niliyowahi kuandika. Nilikata chuma polepole kisiungue. Umeme ulikatika siku tano, nikangoja. Nilirudia jaribio zima la mawese kwa pini iliyopozwa kwenye maji ya barafu, nikaonyesha jinsi mafuta yaliyoganda yanavyoshusha mstari wa mwisho na jinsi ufa unavyojificha humo. Niliandika rasimu tatu. Sentensi ya kwanza ilinichukua siku mbili, kwa sababu kila nilipoanza na “mimi” niliifuta na kuandika “mpimaji”. Majuma mawili yakawa mawili na nusu.

Ndipo tukapiga fonia. Aliyejibu upande wa pili alisikiliza hadi mwisho, akauliza tena jina, akasema tungoje. Aliporudi alisema Papa Bauma ameshakufa, siku nne zimepita, homa. Alisema hivyohivyo, akatuuliza kama kuna ujumbe mwingine.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Aliisoma ripoti, akanipongeza kwa kazi safi, na kwenye jalada akaandika kwa mkono wake: uharibifu wa vita. Miaka ile hakuna kosa la mtu lililokuwa na haja ya mwenyewe. Vita ilibeba yote, na haikuwahi kukataa mzigo. Ukurasa wa pini ya tatu uliondolewa, ile sehemu ya mawese na uji ikabaki, ikachapishwa, ikapelekwa kwenye mikutano, na ndiyo sura ya nne ya kitabu chenu. Papa Paluku aliomba kustaafu mapema. Siku ya kumuaga aliwapa mkono watu wote kitengoni, na mimi akanipa mkono kama wengine, wala hakuukaza.

Ilipita zaidi ya mwaka kabla barabara haijafunguka tena. Nilimtafuta mke wa Papa Bauma, nikaambiwa kilima chao kimechukuliwa na wengine na yeye yuko kwenye kambi ya waliokimbia, chini kuelekea ziwani. Nilimkuta ameketi mbele ya kibanda cha maturubai, anamenya maharage. Nilijitambulisha. Hakushangaa. Alinisogezea bidoni tupu nikae.

Nilikuwa na ripoti nzima, ile yenye ukurasa wa pini. Nilikuwa nimeitafsiri mwenyewe kutoka Kifaransa ili aelewe kila neno. Niliisoma tangu mwanzo: ufa wa zamani, kutu, baridi, mafuta, mpimaji, na mwisho kwamba mtunza daraja hakuhusika kwa namna yoyote. Alisikiliza bila kuacha maharage yake. Nilipomaliza aliuliza jambo moja moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei sokoni.

“Hii kutu, uliiona siku gani?”

“Siku ya mkutano, Mama. Kabla ya mkutano.”

“Na kile kipande kilikuwa wapi wakati wanamuuliza?”

“Kwenye sakoshi yangu.”

“Na ye alikuwa amekaa pale chini, mbele yako.”

“Ndiyo, Mama.”

Alimenya maharage mengine mawili, matatu. Nilimnyooshea ripoti, nikasema ni yake, aitunze, siku moja itasafisha jina. Aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akaiangalia upande wa picha, kisha akanirudishia.

“Umesoma vizuri sana, Mama. Maneno mingi, na haukukwama hata mahali moja,” alisema. “Ile siku ye alikuomba neno moja tu.”

Akaendelea na maharage yake. Nilibaki nimekaa juu ya ile bidoni hadi yeye mwenyewe aliponiambia niende, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na njia ya huko ni mbaya.